Kuchagua Visiwa vya Mapumziko

Msomaji wangu kijana, huenda siku moja ukajaliwa kuwa na akiba ndogo mkononi na nafasi ya kupumzika mbele yako, ukawa huna budi kuamua utakwenda wapi. Watu wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kupata fedha, na kwamba kuchagua mahali ni mchezo. Mimi naona kinyume. Fedha huja polepole na mtu huizoea taabu yake. Lakini uchaguzi humjia ghafula, na kila anachokichukua humnyima kingine. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi mimi na mke wangu tulivyochagua visiwa vya kupumzikia, pamoja na habari za visiwa tulivyoviacha, maana hivyo navyo vyastahili kujulikana.

Sisi ni walimu waliostaafu. Makao yetu ni karibu na Nyahururu, nchi ya baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 2,300. Mimi nalifundisha hesabu na jiografia. Mwenzangu alifundisha Kiswahili kwa miaka 31. Baada ya kustaafu aliugua moyo, akapasuliwa, akalala hospitalini wiki saba. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alitupa masharti. Asipande milima. Asikae katika baridi kali. Asipigwe na mawimbi makubwa kwa muda mrefu. Asiwe mbali na hospitali kwa zaidi ya saa chache. Kisha, alipokuwa akikusanya karatasi zake, aliongeza neno ambalo hatukuwa tumemwuliza: kama pana mahali tulipopenda kwenda pamoja, twende mwaka huu. Hakueleza sababu, na sisi hatukuiuliza. Katika gari tulirudi kimya mpaka Gilgil, ndipo mke wangu akasema, "Baba Neema, mimi nataka kwenda visiwani."

Nalimwuliza kisiwa gani. Akajibu kwamba hakusema kisiwa, alisema visiwa. Kwa maoni yake, kisiwa kimoja peke yake ni jela, lakini visiwa vingi vilivyokaribiana ni mtaa, watu hupigiana hodi. Basi nalichukua daftari, nikaandika humo majina ya mafungu ya visiwa ya Bahari ya Hindi yaliyo karibu nasi, na katika ukurasa wa mwisho nikaandika kiasi cha fedha zilizobaki katika kiinua mgongo changu baada ya kulipa hospitali: shilingi 160,000. Hazikuwa chache, wala hazikuwa za kutosha kujaribu mara mbili.

Nalianza na Shelisheli, kwa kuwa ndiyo inayopambwa zaidi katika picha. Jina hili ni la tunda pia, lile linalopikwa kama viazi, na mke wangu aliponisikia nikilitaja aliuliza kama nataka kusafiri au nataka kula. Ni visiwa 115 vilivyotawanyika baharini, na kile kikuu, Mahé, kiko yapata kilomita 1,500 kutoka pwani ya Afrika. Nchi kavu yote ikijumlishwa pamoja haifiki kilomita za mraba 500. Visiwa vya ndani kama Mahé, Praslin na La Digue ni vya mawe magumu ya kale, makubwa kama nyumba, yaliyolainishwa na mvua. Vile vya mbali ni vya matumbawe. Katika bonde la Praslin huota mnazi wa ajabu ambao nazi yake ndiyo mbegu nzito kuliko zote duniani. Kabla mti wenyewe haujajulikana, nazi zake ziliokotwa katika fuo za mbali, hasa Maldivi, na mabaharia wakasadiki kwamba mti huo huota chini ya bahari. Katika kisiwa cha Aldabra wamo kobe wakubwa laki moja au zaidi, na watu wa nchi nzima nao ni kadiri ya laki moja na kidogo, hata mtu aweza kusema kwamba kila raia ana kobe wake.

Lakini kilichonishika zaidi si kobe wala nazi. Visiwa hivi havikuwa na wenyeji wa asili. Wafaransa walianza kukaa humo mwaka 1770 pamoja na watumwa wao, na wengi wa watu wa leo ni wazao wa Waafrika na Wamalagasi waliopelekwa huko pasipo hiari. Waingereza walipovitwaa wakavigeuza jela isiyo na kuta. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 wakapelekwa huko. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka ishirini akiitazama bahari. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alifika Jinja akafa, hajaiona Bunyoro. Prempeh, mfalme wa Ashanti, aliwekwa huko toka mwaka 1900 hata mwaka 1924. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja kwa siku chache tu mwaka 1896 kabla ya kuondolewa kwa mizinga, naye aliionja Shelisheli katika uhamisho wake, kisha akaishia Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 29 Juni 1976, na leo watu hulipa fedha nyingi kulala mahali ambapo wafalme walilala kwa amri ya serikali.

Nalimsomea mke wangu habari hizi jioni moja tukiota moto. Alisikiliza hata mwisho, akauliza bei ya chumba kwa usiku mmoja. Nilipomwambia, alichukua kalamu akapiga mstari juu ya jina la Shelisheli. Alisema kwamba kwa bei hiyo tutakaa siku nne, na kila siku tutakuwa tukihesabu sarafu badala ya kutazama bahari. Nalikubali. Kuna mapumziko yanayochosha kuliko kazi, nayo ni yale yaliyo juu ya uwezo wa mtu.

Fungu la pili lilikuwa visiwa vya Komoro, vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vilijitwalia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na ingali hivyo hata leo. Lugha ya visiwa hivyo ni ndugu wa Kiswahili, na mke wangu, ambaye maisha yake yote alishika kazi ya maneno, alitamani sana kuisikia ikisemwa sokoni. Mimi nalivutwa na samaki. Wataalamu walikuwa wamemjua samaki fulani kwa alama zake katika mawe tu, wakasema jamii yake ilitoweka zamani za mijusi mikubwa. Kisha mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika ya Kusini. Walimtafuta wa pili miaka kumi na minne, wakampata mwaka 1952 Nzwani, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombesa, na kumwona si kitu kwa kitoweo. Kila nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo niliwaambia kwamba kutojulikana na wataalamu si kutojulikana.

Walakini Ngazija ina mlima wa moto, Karthala, wenye kimo cha meta 2,361. Ardhi yake ni mawe ya volkano yenye matundu, nayo hunywa mvua yote isiache mto hata mmoja wa kudumu. Kwa hiyo tangu kale watu hukinga maji ya mvua katika mabirika. Mlima ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo, maji ya kunywa yakaharibika. Mwali ni tulivu, na kasa hupanda ufuoni kutaga mayai, lakini kuifika kwataka ndege nyingine ndogo au mashua katika bahari iliyo wazi. Nalimpigia daktari simu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hatuna bahari karibu zaidi. Mke wangu hakulifuta jina la Komoro kama alivyolifuta la Shelisheli, aliandika kando yake, kwa herufi ndogo, "Neema aende." Neema ni binti yetu.

Hapa, msomaji, yafaa nikueleze habari za pepo, kwa sababu mtu achaguaye visiwa bila kuuliza upepo ni kama achaguaye nyumba bila kutazama paa. Katika bahari yetu upepo una zamu mbili. Kuanzia Desemba hata Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto na wa wastani, na bahari hutulia, maji yakawa safi. Ndio upepo uliovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Baada ya masika, toka Mei hata Septemba, huvuma kusi, wenye nguvu, na mawimbi huwa makubwa nje ya miamba. Huo ndio uliovirudisha vyombo kwao. Kati yake ndimo mwenye mvua: masika ya Machi hata Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Ninyi wanafunzi mna likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wakati ambapo bahari ni njema na bei ni mbaya, maana dunia nzima imefunga shule. Sisi wazee tulikuwa huru kungoja. Tulichagua nusu ya pili ya Januari, baada ya wageni wa sikukuu kwenda zao. Wakati ulikuwa umekwisha chaguliwa kabla ya mahali, na nakusihi nawe ufanye hivyo.

Sasa zilibaki Unguja na Pemba, Mafia, na visiwa vya Lamu.

Unguja nalidhani ingeshinda kwa urahisi. Mji Mkongwe wake uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Kuna msitu wa Jozani wenye kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu asiyepatikana kwingine ila visiwani humo. Na kwa watu wa Kiswahili ni mahali pa heshima, kwa kuwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ambayo mke wangu aliifundisha, na ambayo wewe unaisoma sasa, ilitoka katika mitaa hiyo. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Nimekwenda Unguja mara mbili," alisema, "na kila mara nilikuwa na wanafunzi arobaini. Nilihesabu vichwa asubuhi, nilihesabu vichwa jioni. Sikuona kitu kingine." Hata hivyo hakutaka kurudi. Alikuwa amesikia kwamba fuo za kaskazini zina muziki hata usiku wa manane, naye moyo wake ulikuwa umechoka na ngoma zake wenyewe.

Pemba nayo ilimpendeza kwa jina lake la kale la Kiarabu, ambalo maana yake ni Kisiwa cha Kijani. Imejaa vilima na mabonde, na karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huko. Wakati wa mavuno huanikwa juu ya mikeka kando ya barabara, na mpita njia husafiri ndani ya harufu. Katika msitu wa Ngezi kuna popo mkubwa ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba. Unguja iliwahi kushikana na bara, na mkondo ulio kati yao ni mfupi wa kina. Lakini Pemba imezungukwa na maji ya kina kirefu sana, nayo yana nguvu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakafa maji. Ndege zipo, najua. Lakini mke wangu aliniomba nisimwambie tena habari za mkondo huo, na vilima vya Pemba vilikuwa kinyume cha amri ya daktari.

Mafia ilikuwa shauku yangu mwenyewe, wala sioni haya kuikiri. Iko kusini ya Dar es Salaam, mkabala wa mdomo wa mto Rufiji, na sehemu ya bahari yake ilifanywa hifadhi mwaka 1995. Toka Oktoba hata Machi hufika karibu na Kilindoni samaki aitwaye papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye hali watu, hula vidudu vidogo vya baharini kwa kuchuja maji. Kwetu Kenya wavuvi humwita papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alipomwumba alifurahi sana, akawapa malaika sarafu za fedha wamrushie, zikamganda mgongoni zikawa madoa meupe. Miaka mingi nalichora samaki huyo ubaoni kwa chaki, na kila mara mkia wake ulikosa nafasi. Nalitaka kumwona mara moja katika ukubwa wake. Nalimweleza mke wangu kwa maneno mazuri kadiri nilivyoweza: ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, kisiwa tambarare, watu wachache, magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja. Je, mimi najua kuogelea? Sijui, wala yeye hajui. Nikamwambia kwamba mtu aweza kumtazama papa akiwa katika mashua. Akasema vema, ataniachia nafasi ya kufikiri, na akaenda kulala.

Asubuhi ya pili nalikuta daftari mezani limefunguliwa katika ukurasa wa Lamu, na ndani yake pana kitabu chake cha kufundishia, kilichochakaa, cha tenzi za kale.

Yapasa ujue kwamba visiwa vya Lamu si kisiwa kimoja. Kuna Lamu yenyewe, ambayo wenyeji huiita Amu. Kuna Manda, penye kiwanja cha ndege na magofu ya Takwa. Kuna Pate, iliyo kubwa kuliko zote, yenye miji ya Pate, Siyu na Faza. Na kaskazini kuna Ndau na Kiwayuu. Sisi wa bara huzoea kuvitaja kama pembe ya mbali ya ramani. Lakini Kiswahili cha ushairi kilikua huko kabla mkutano wo wote haujachagua lahaja. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi yapata karne mbili zilizopita, akiyaangalia majumba ya Pate yaliyoanguka, ambayo zamani yalijaa taa na vyombo vya kaure, akauonya moyo wake mwenyewe. Na mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, naye wakati huo alikuwa mgonjwa.

Mke wangu aliufundisha utenzi huo kwa miaka mingi, na mara nyingi aligombana nao darasani. Hakupenda yote yaliyomo juu ya mke na mume. Wasichana wake walimwuliza maswali, naye hakuwanyamazisha. Lakini asubuhi ile, alipokuja mezani na chai yake, alisema maneno ambayo sikuyatazamia. Alisema kwamba miaka yote hiyo aliusoma utenzi kama binti anayeambiwa. Hospitalini, usiku, alipokuwa hapati usingizi kwa mipira waliyomtia, aliukumbuka, na kwa mara ya kwanza aliusikia kama mama anayesema, ambaye hajui ana siku ngapi, na anataka kusema yote kabla ya kuchoka. "Nimefundisha mji nisioujua," alisema. "Nataka kukanyaga Pate. Papa wako atarudi kila mwaka."

Sikuwa na jibu la neno hilo. Nalilichukua daftari nikaanza kufanya kazi yangu ya jiografia.

Jambo la kwanza lilikuwa usalama, na sikutaka kulifumbia macho. Mwezi wa Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, katika bara ya Lamu, na barabara ya huko ilikuwa na sifa ya hofu kwa miaka. Mpeketoni haiko visiwani. Hata hivyo niliuliza watu watatu wanaokaa Amu, kila mmoja peke yake, na wote walinishauri tuje kwa ndege. Kutoka Nairobi hata Manda ni mwendo usiotimia saa mbili, kisha mashua huvuka mlango wa bahari kwa dakika chache. La pili lilikuwa hospitali: ipo ya serikali mjini Amu, na ndege za kurudi Nairobi zipo kila siku. La tatu lilikuwa milima, na hapo Amu ni tambarare. Mitaa ya mji wa kale, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni myembamba hata motokaa haipiti, na mizigo hubebwa na punda. Lakini nyumba zake ni za ghorofa, na ngazi zake ni kali kuliko mlima. Niliandika barua tatu kabla ya kupata mwenye nyumba aliyekubali kutupa chumba cha chini, chenye zidaka ukutani na mlango wa uani, kwa bei ambayo ingetuweka siku kumi na moja.

La nne lilikuwa maji, na juu ya hili nataka kukawia kidogo, maana wasafiri wengi hawaulizi. Kisiwa kimezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa mtu. Je, wenyeji hunywa nini? Huko Amu jibu liko Shela, mwendo mfupi kutoka mjini, penye vilima virefu vya mchanga. Mchanga huo hupokea mvua, huichuja, na kuihifadhi chini. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vya mji hutegemea hazina hiyo. Mtu akivuta maji mengi mno kwa pampu, au akijenga majumba juu ya vilima na kuzuia mvua kuingia, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikisha ingia chumvi hakiponi upesi. Kwa hiyo mgeni anayeoga mara tatu kwa siku, na kujaza bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini, anakunywa katika kikombe cha mtoto wa mwenyeji wake. Nalimwuliza mwenye nyumba yetu juu ya maji yake. Alijibu kwamba wana kisima, na wageni huoga kwa ndoo na kata. Mke wangu alisema kwamba hapo ndipo alipojua tumepata nyumba.

Ikabaki Pate, ambayo ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Kutoka Amu vyombo hupita katika Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Humo hamna mawimbi, jambo lililompendeza daktari. Lakini kina chake ni kifupi, na maji yakipwa chombo hukaa juu ya tope. Basi siku ya kwenda huchaguliwa na mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari ya huko hupanda zaidi ya meta tatu, na hujaa karibu na alfajiri, kisha tena mwisho wa alasiri: mtu aweza kwenda na maji ya asubuhi akarudi na maji ya jioni. Wakati wa maji mafu hujaa karibu na saa sita mchana, na hapo atakayetaka kurudi siku ile ile hana njia nzuri. Nalitazama kalenda, nikahesabu, nikapanga siku zetu kumi na moja ili mwezi mpevu uwe katikati. Miaka thelathini nalifundisha habari za maji kujaa na kupwa katika mji usioona bahari. Hii ilikuwa mara ya kwanza hesabu yangu kubeba mtu.

Tulikwenda. Sitakueleza siku zote, kwa kuwa nyingi zilipita katika baraza, mke wangu akisoma na mimi nikiwatazama punda. Siku ya saba tuliondoka Amu kabla ya jua, wanaume wawili wakimshika mikono aingie chomboni, naye akiwaambia kwamba si yai. Mkanda ulikuwa kimya, na ndege weupe walikuwa wamesimama katika mikoko. Baada ya saa mbili hivi tulishuka Mtangawanda, na kijana wa pikipiki akampeleka polepole mpaka mji wa Pate, mimi nikifuata kwa nyingine.

Mji wa leo ni mdogo. Nyuma yake, katikati ya kuta zilizoanguka, watu wamelima tumbaku, na majani yake mapana yameota katika vyumba vilivyokuwa vya watu wakubwa. Mzee mmoja aliyekuwa akinyweshea mimea alitusalimu, akatuonyesha ukuta wenye kivuli. Mke wangu aliketi. Aliniomba nimwache, nami nikaenda kando nikazungumza na mzee yule juu ya tumbaku na bei yake. Alikaa pale zaidi ya saa nzima. Kwa mbali nalimwona ametoa karatasi na kalamu katika mkoba wake, anaandika, anasimama kidogo, anaandika tena. Sikuuliza ni barua ya nani, maana juu yake nalikuwa nimeliona jina la Neema.

Jua lilipopita kichwani mzee alitazama kivuli cha ukuta, akatwambia, "Mama, pumzikeni, lakini msikawie sana. Maji yanarudi, na nahodha hamngojei mtu." Mke wangu aliikunja karatasi mara nne, akaitia katika kile kitabu kilichochakaa, akanyosha mkono nimwinue.

"Baba Neema," aliniuliza tukielekea kwenye pikipiki, "bamvua ya pili ni lini?"

Nikamwambia, baada ya siku kumi na nne.